Ushuhudiaji si kupita na kuona

Wanafunzi wakirudi kutoka fildi, ripoti zinazopita mikononi mwangu hapa Moshi huwa na sentensi moja inayojirudia katika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti: "Mtafiti alitumia hojaji, usaili na ushuhudiaji." Hojaji, ile karatasi ya maswali ya kujazwa, imeambatishwa nyuma. Maswali ya usaili, ya kuulizwa ana kwa ana, yapo. Ushuhudiaji hauna hata karatasi moja. Ukimuuliza mwenyewe, anajibu kwamba alifika soko la Mbuyuni, akaona.

Ushuhudiaji ni mbinu ya kukusanya data kwa kuangalia watu, vitu au matukio mahali pake, kwa utaratibu uliopangwa kabla, na kuandika palepale. Upo ushuhudiaji shirikishi, mtafiti anapofanya shughuli pamoja na watafitiwa, na usio shirikishi, anapokaa pembeni. Hayo yamo katika vitabu vya mbinu za utafiti, sitayarudia.

Kinachoniumiza kimo katika sura ya nne, ile ya matokeo: "Kwa njia ya ushuhudiaji, mtafiti aligundua kuwa wafanyabiashara hawaridhishwi na ushuru." Kutoridhika hakuonekani kwa macho. Kinachoonekana ni mama anayekunja turubai lake na kuhama pale mkusanya ushuru anapotokea. Basi andika kwamba alihama, ilikuwa saa ngapi, na wangapi walihama naye. Kwa nini alihama? Pengine hajauza kitu tangu asubuhi. Pengine anamkwepa mtu anayemdai, aliyekuwa nyuma ya mkusanya ushuru. Jibu utalipata kwa kumuuliza, na hapo umeshaingia kwenye usaili.

Chukua sado ya maharage, kile kindoo cha kupimia sokoni. Muulize muuzaji kama anawapimia wateja wote sawa, atakwambia, "Wote sawa, dada," na huenda anaamini hivyo kwa dhati. Sasa kaa karibu naye asubuhi nzima. Akija mteja anayefahamiana naye, wakasalimiana na kuulizana habari za watoto, muuzaji anazungushia viganja mdomo wa sado ili kilele kisiporomoke, anamimina kwenye mfuko, kisha anatupia nyongeza konzi moja. Akija mgeni, sado inajazwa bila viganja, maharage yanadondokea kwenye gunia, na nyongeza haipo mpaka aiombe. Hojaji yako isingeipata tofauti hiyo, kwa sababu mwenye kuitenda haioni. Ila daftari lisomeke "aliongeza konzi moja", lisisomeke "alikuwa mkarimu". Ukarimu ni hukumu yako. Konzi inahesabika, na mtafiti mwingine akikaa palepale ataihesabu pia.

Kazi hii inadai subira ambayo ziara ya saa moja haina. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alipofika Gombe, Kigoma, mwaka 1960, sokwe walikuwa wakimkimbia. Alirudi siku baada ya siku, akiwatazama kwa darubini kutoka mbali, na kabla mwaka haujaisha aliandika alivyomwona mmoja wao akitumbukiza bua la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa na kula mchwa walioling'ang'ania. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa kutengeneza na kutumia zana ni kwa binadamu tu. Sokwe huwezi kumpa hojaji. Kilichobadili mawazo ya wataalamu ni kuangalia na kuandika.

Watu wa sokoni hawatakukimbia, lakini watajirekebisha. Muuzaji akijua unatazama sado yake, siku ya kwanza kila mteja atapata kilele kizuri. Ndiyo maana huombwa ruhusa kwanza, kwa uongozi wa soko na kwa muuzaji mwenyewe, halafu siku za mwanzo zinaachwa ziwe za kuzoeana, na yaliyoandikwa siku hizo yanasomwa kwa tahadhari.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeandika ripoti sasa hivi, kama ulifika Mbuyuni ukatembea na kutazama, andika hivyo: "Mtafiti alitembelea soko ili kulifahamu eneo la utafiti." Hiyo ni sentensi ya kweli na ina nafasi yake katika sura ya tatu. Na kama bado una wiki moja kabla ya kukabidhi, chora karatasi yenye safu nne, saa, nani, alifanya nini na mara ngapi, urudi nayo sokoni asubuhi.