Timu Inayojigawia Kazi Haikosi Utaratibu: Ufafanuzi kwa Wakuu wa Vitengo

Dawati letu la ushauri wa TEHAMA limekuwa likipokea lalamiko lilelile kutoka kwa wakuu wa vitengo: tangu timu za kujenga mifumo zianze kufuata skramu, yaani utaratibu wa kujenga mfumo kwa vipindi vifupi, haijulikani nani anafanya nini. Tunalipokea kwa nia njema, ila ni lazima tuseme wazi kwamba chanzo chake mara nyingi ni kudhani kuwa timu inayojigawia kazi haina mipaka.

Mipaka ipo, na imeandikwa. Mwongozo wa Skramu wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, toleo la mwaka 2020, unampa msimamizi wa bidhaa mamlaka ya kuamua kipi kitangulie katika orodha ya kazi, huku ukiwaachia wajenzi wa mfumo uamuzi wa kiasi watakachochukua na namna watakavyokifanya. Sprinti, yaani kipindi kimoja cha kazi, haizidi mwezi mmoja, kikao cha kuipanga hakizidi saa 8 hata kwa sprinti ya mwezi mzima, na kikao cha kila siku ni dakika 15. Kazi isiyotimiza vigezo vya ukamilifu vilivyokubaliwa haionyeshwi kwenye kikao cha mapitio, hata kama imebakiza saa moja tu, bali hurudishwa kwenye orodha ili ifikiriwe upya. Sprinti nzima inaweza kufutwa iwapo lengo lake limepitwa na wakati, na anayeweza kuifuta ni msimamizi wa bidhaa peke yake. Mkuu wa kitengo hana mamlaka hayo, na hili tumelirudia mara nyingi.

Kinachotusikitisha zaidi ni kuandika majina ya watu kwenye kadi za kazi zinazobandikwa ubaoni. Kiongozi husoma kadi moja moja, "wewe malipo, wewe ripoti," na kikao huisha mapema, kila mtu ameridhika. Katika timu moja tuliyokaa nayo, kadi ya kuhakiki namba ya malipo ilikaa siku 4 kwenye safu ya majaribio kwa kuwa aliyeandikwa juu yake alikuwa safarini kikazi, na wenzake wawili waliokwisha kumaliza za kwao wakafungua kadi mpya badala ya kuigusa. Hawakuwa wavivu, walifundishwa kulinda kadi zao. Kadi ikibaki bila jina mpaka siku ya kuanzwa, na idadi ya kadi zilizoanzwa lakini hazijamalizika ikiwekewa kikomo, aliyemaliza hulazimika kwanza kuuliza ipi imekwama.

Wapo wanaotujibu kwamba PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa upimaji wa utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, inamtaka kila mtumishi awe na majukumu yake. Ni kweli, nasi hatumshauri yeyote akiuke utaratibu wa upimaji wa utendaji. Hata hivyo, jukumu linaweza kuandikwa kuwa ni kushiriki kujenga na kujaribu sehemu fulani ya mfumo, mradi msimamizi wa mtumishi huyo amelikubali mapema. Halihitaji kulingana na kadi za ubaoni.

Mkuu wa kitengo mwenye jambo la dharura tunamwomba asimwendee mjenzi mmoja mezani kwake. Alipeleke kwa msimamizi wa bidhaa, ambaye atakaa na wajenzi waone ni kadi ipi itatoka ili dharura hiyo ipate nafasi.