Je, wajua kwa nini gitaa la metali hurekodiwa mara mbili?

Vaa hedifoni, weka wimbo wa hevi metali, kisha usikilize sikio moja moja. Kwenye nyimbo nyingi utasikia gitaa kushoto na gitaa kulia, yote mawili yakipiga kitu kilekile noti kwa noti, hata kama bendi ina mpiga gitaa mmoja tu. Mtu huyo amepiga sehemu yake yote mara mbili, na kila rekodi imewekwa upande wake.

Kwa nini ajisumbue hivyo, wakati kompyuta inaweza kunakili rekodi ya kwanza kwa sekunde moja? Ni swali la haki, hasa hapa Kampala, ambako anayetaka kupiga metali mara nyingi ndiye mtunzi, ndiye mpiga gitaa, ndiye fundi mitambo, na studio yenyewe ni chumba chake cha kulala.

Wengi huamini kwamba uzito wa gitaa hutoka kwenye distosheni, ule mkwaruzo wa sauti, na kwamba ukiuongeza hadi mwisho gitaa litakuwa zito zaidi. Sivyo. Distosheni hufanya kazi kwa kukata vilele vya mawimbi ya sauti. Ukikata kidogo, unapata ukali. Ukikata kupita kiasi, mawimbi yote hulingana urefu, na ule mpigo wa kwanza wa mkono kwenye uzi, ambao ndio hasa tunausikia kama nguvu, husawazishwa pamoja na mengine. Unabaki na mngurumo usio na meno. Ndiyo maana mafundi wengi wa metali, wakifika kwenye kurekodi, hupunguza distosheni kuliko ile inayowapendeza mazoezini.

Dhana ya pili ni ya kunakili, nayo imeharibu rekodi nyingi. Ukichukua rekodi moja ukaiweka kushoto na kulia, masikio yote mawili hupokea kitu kilekile kwa wakati uleule, na ubongo huamua kwamba chanzo ni kimoja, kipo katikati. Gitaa limeongezeka sauti tu, halijapanuka hata kidogo. Basi mtu huichelewesha nakala kidogo, tuseme milisekunde 10. Kwenye hedifoni linaonekana kupanuka, ila sikio humwamini aliyetangulia: Mjerumani Helmut Haas alilieleza jambo hili mwaka 1949. Gitaa huegemea upande uliosikika kwanza.

Balaa lenyewe huja wimbo ukichezwa kwenye simu yenye spika moja, na wengi husikiliza muziki huko. Pande mbili zinapounganishwa kuwa moja, wimbi lililochelewa hukutana na mwenzake likiwa limepinduka, nayo yanafutana. Kwa ucheleweshaji wa milisekunde 10, yanayofutika ni masafa ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 50, 150, 250 na kuendelea kwa mtindo huo. Uzi wa D wa gitaa, ukipigwa wazi, ni karibu hezi 147. Unaangukia palepale. Mpigaji anasikia noti yake imepungua mwili bila kujua imekwenda wapi.

Sasa fikiria waimbaji wawili wa kwaya wanaoimba mstari mmoja. Wote wanajua wimbo, wote wako kwenye sauti moja, lakini huyu anaanza neno punde kabla ya mwenzake, yule anashusha pumzi mapema, mmoja anapanda unywele mmoja juu ya noti. Tofauti hizo hazisimami mahali pamoja, hubadilika kila silabi, na ndizo zinazotufanya tusikie watu wawili badala ya mmoja mwenye sauti kubwa. Gitaa lililopigwa mara mbili hufanya vivyo hivyo. Hakuna ucheleweshaji mmoja wa kudumu, kwa hiyo hakuna masafa maalumu yanayofutwa wimbo mzima, na ubongo haupati sababu ya kuyarudisha magitaa mawili katikati.

Kazi yake lakini ni ngumu. Ubavu wa kiganja hulazwa kwenye nyuzi karibu na daraja la gitaa ili kuzibana, na ukisogea hata kidogo sauti hubadilika. Nyuzi hukaguliwa kila baada ya rekodi, maana zinaregea. Ukikuza picha ya mawimbi kwenye skrini utaona mipigo ya rekodi ya pili ikitua nywele chache kabla au baada ya ile ya kwanza. Zikiachana mno, zinasikika kama kosa. Tofauti inayotakiwa ni ile inayobaki baada ya mtu kujitahidi kwa dhati isiwepo. Uzuri mmoja ni kwamba gitaa linaweza kuchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta bila maikrofoni. Bodaboda ipite dirishani, haitasikika. Cha kuogopa ni mvumo wa umeme.

Utunzi nao hufuata sheria za mkwaruzo. Ukipitisha noti mbili pamoja kwenye distosheni, huzaliwa noti ambazo hakuna aliyezipiga. E ya chini ya gitaa ni karibu hezi 82, na B iliyo juu yake ni karibu 123. Tofauti yao, hezi 41, ni E nyingine oktavu moja chini, chini kuliko uzi wowote wa gitaa hilo! Ukiongeza noti ya tatu, vizalia huanza kugombana, na ndiyo sababu metali hutungwa sana kwa noti mbilimbili. Mengine huletwa na maisha. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda mjini Birmingham akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyembamba na baadaye akaziregeza, noti zikashuka na uzito ukazidi.

Wala si lazima kila mtu apite njia hii. Duma, vijana wawili wa Kenya waliorekodi albamu yao ya kwanza hapa Kampala na lebo ya muziki ya Nyege Nyege mwaka 2019, walijenga uzito wao zaidi kwa mashine na sauti ya koo.

Besi, kwa kawaida, hupigwa mara moja na kuwekwa katikati, kwa sababu masikio hayajui vizuri sauti za chini sana zinatoka upande gani, na besi mbili zingefutana. E yake ya chini ni hezi 41, ileile iliyozaliwa na noti mbili za gitaa. Ukizima besi, magitaa yote mawili hugeuka membamba papo hapo, maana sehemu kubwa ya uzito tuliowapa sifa wapiga gitaa ilikuwa ya mpiga besi.