Kijana aliyeugua kila siku ya Misa ya darasa lake

Kwa mihula miwili mfululizo, kijana mmoja wa kidato cha pili aliugua tumbo kila darasa lake lilipopangiwa kuhudumu kwenye Misa ya shule. Muuguzi ndiye aliyeunganisha mambo. Alifungua daftari lake la wagonjwa akanionyesha: maumivu yanaanza jioni ratiba ya wasomaji inapobandikwa ukutani, yanaisha Misa ikishakwisha. Hakusema kijana anadanganya, na alikuwa sahihi, kwa sababu hofu huuma tumbo kwelikweli.

Kazi yangu ni kuratibu msaada kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu ya kielimu katika sekondari ya Kikatoliki. Watu wengi wakisikia hivyo huwaza kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe au kifaa cha kusikilizia. Hao nao ni wangu, na ninawapenda, lakini wao angalau wanaonekana. Sehemu kubwa ya siku yangu inakwenda kwa wale ambao hakuna kinachowatambulisha kwa macho, na ambao kufikia umri wa miaka 13 au 14 wameshakuwa mafundi wa kujificha. Mmoja huchekesha darasa kila anapoitwa kusoma. Mwingine huomba ruhusa ya kwenda msalani. Yupo anayesahau kitabu makusudi, kwa kuwa kukaripiwa kwa usahaulifu kunauma kidogo kuliko kusoma mbele ya wenzake. Na wako wanyamavu, wenye mwandiko mzuri wa kunakili, ambao hawajawahi kumsumbua mtu yeyote. Hao ndio wanaoninyima usingizi.

Shule ya msingi ina nafasi nzuri zaidi ya kuwaona, maana mwalimu mmoja anaweza kukaa na mtoto karibu siku nzima. Sekondari imegawanywa vipande. Walimu kumi wanampata kijana kwa dakika arobaini arobaini, na kila mmoja anaona kipande chake. Wa hisabati anasema hamalizi kazi. Wa historia anasema ana akili lakini mvivu. Wa dini anasema anajibu vizuri sana kwa mdomo. Maoni hayo yakibaki kwenye vichwa kumi tofauti, ni malalamiko matupu. Yakiletwa meza moja, yanakuwa picha. Kwa huyu kijana picha ilikuwa wazi kabla hata sijakutana naye: anaelewa anachosikia, haelewi anachosoma.

Nilipokaa naye nilimpa kwanza aya ya Injili. Akaisoma vizuri mno, na baadaye nikajua alikuwa akiifahamu kwa moyo. Nikampa orodha ya maneno ya kubuni, yasiyo na maana yoyote, ambayo hayakisiki wala hayakaririki. Hapo akakwama. Alivuta pumzi kwa kila silabi, akarudi nyuma, akabadilisha herufi. Kipimo hiki si cha kumwaibisha mtoto, na nilimwambia hivyo kabla hatujaanza. Kinatuonyesha kama anaunganisha herufi na sauti au anakisia neno zima kwa umbo lake.

Tatizo la namna hii huitwa disleksia, na si geni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la kitabibu habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu kwa kila kitu isipokuwa kusoma. Mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu. Kila ninapoikumbuka kauli hiyo nasikia vikao vyangu vya walimu. Zaidi ya miaka mia na ishirini imepita, na bado tunaisema kana kwamba tumeigundua leo.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili kuna jambo la kuzingatia hapa. Maelezo mengi ya disleksia yametokana na Kiingereza, lugha ambayo herufi zake haziaminiki: herufi moja ina sauti nyingi na sauti moja ina maandishi mengi. Utafiti uliolinganisha lugha za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa katika lugha nyingi zenye tahajia ya wazi watoto huwa wanasoma maneno kwa usahihi kabla mwaka wa kwanza wa shule haujaisha, ilhali wa Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma Kiswahili bila makosa mengi, na sote tukaridhika. Kinachomsaliti ni mwendo. Anasoma polepole mno, na anafika mwisho wa sentensi akiwa amechoka.

Tena maneno yetu ni marefu. Chukua neno kama "tulipowatambulisha". Nani alitenda, lini, kwa nani, yote yamefungashwa mwanzoni, kabla ya kufika kwenye kitendo chenyewe. Anayesoma kwa mkupuo hapati shida. Anayekokota silabi moja moja akifika kwenye "-sha" ameshapoteza ile "-po-", na kumbe ndiyo iliyobeba maana ya wakati. Mwalimu akimuuliza ameelewa nini, hana jibu, ingawa kila silabi aliitamka sawasawa. Ndiyo maana siku hizi sikubali kumpima mtoto kwa usahihi wa kusoma pekee. Ninashika saa, kisha ninamuuliza habari yenyewe.

Kupotea huko kwa "-po-" kunatupeleka kwenye kumbukumbu ya muda mfupi, ile tunayoitumia kushikilia jambo huku tukilifanyia kazi. Mtafiti Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba mtu mzima hushika kama vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Sasa sikiliza agizo la kawaida darasani: fungueni ukurasa wa 87, fanyeni maswali yenye namba shufwa, rukeni la sita, andikeni kwenye daftari la mazoezi, kisha kusanyeni kwa kiranja kabla ya kengele. Kijana mwenye kumbukumbu finyu anabaki na ukurasa na kengele. Anatazama daftari la jirani ili ajue la kufanya, halafu anaadhibiwa kwa kunakili. Dawa yake ni chaki: andika maagizo ubaoni, yasifutwe mpaka kazi iishe. Haina gharama, na inawasaidia hata wale ambao hawamo kwenye orodha yangu.

Kwa kila mwanafunzi ninayemhudumia ninaandika ukurasa mmoja tu. Zamani niliandika kurasa sita, zikawa zinafungiwa kabatini. Mwalimu mwenye vipindi sita kwa siku hasomi kurasa sita, na simlaumu. Ukurasa wa kijana huyu ulianza na anachoweza: anajenga hoja vizuri kwa mdomo, anakumbuka alichosikia. Ukafuata mambo matatu. Usimwite asome kwa sauti bila kumtaarifu mapema. Mpe nakala ya maelezo badala ya kumtaka anakili ubao. Ukisahihisha fizikia, pima fizikia, si tahajia.

Kabla sijamaliza kuandika aliniuliza, "Mwalimu, hii nani ataisoma?" Swali la haki kabisa. Nilimtajia walimu wake, mmoja baada ya mwingine, na nikamwambia kuwa haitasomwa kikaoni kwa sauti wala kubandikwa popote. Kisha tukabadilisha pamoja maneno mawili ambayo hakuyapenda. Tangu hapo siandiki ukurasa wa mwanafunzi bila yeye kukaa pembeni yangu.

Nigusie wenye usonji, hali inayoitwa autism kwa Kiingereza, kwa kuwa katika shule kama yetu wana mtihani wao wa pekee. Ratiba hubadilika kila sikukuu, kengele hulia ghafla, ubani unajaa kikanisani, kwaya inaimba kwa vipaza sauti, na watu mia kadhaa wanasimama na kupiga magoti kwa pamoja. Wengi wa vijana hawa wanaipenda liturujia, na si ajabu, kwani ina mpangilio uleule kila mara. Kinachowaumiza ni kelele na mambo ya ghafla. Kiti karibu na mlango, habari ya mabadiliko siku moja kabla, na ruhusa ya kutoka nje bila kuulizwa: mara nyingi hayo yanatosha.

Sasa kuhusu ukatoliki wenyewe. Msingi tunao, tena imara. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema kila mtu, wa hali yoyote, ana haki ya elimu isiyoweza kuondolewa, kwa heshima ya ubinadamu wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 777, inamtaka paroko ahakikishe wenye ulemavu wa mwili au akili nao wanapata katekesi, yaani mafundisho ya imani, kadiri hali yao inavyoruhusu. Na muda mrefu kabla ya hapo, katika karne ya 16, mmonaki Mbenedikto Pedro Ponce de León aliwafundisha watoto viziwi kusoma na kuandika huko Hispania. Padri Charles-Michel de l'Épée alifungua shule ya viziwi mjini Paris katika karne ya 18, akianza kwa kujifunza ishara zao wenyewe badala ya kuzikataza.

Ninawataja hao wawili kwa sababu waliingia kazini. Walikaa na watoto, wakatafuta njia, wakaijaribu. Katika shule za dini ninaona kishawishi cha kuishia kwenye huruma. Tunamwombea mtoto, tunampa cheti cha nidhamu njema, tunampandisha kidato, naye anamaliza shule hajui kusoma. Mimi pia ninawaombea wanafunzi wangu, kwa majina, kila asubuhi. Lakini sala yangu haijawahi kuwa kisingizio cha kutompima mtoto, na huruma isiyomfundisha inamwachia mzigo wake uleule.

Namna nyingine ya huruma inayokosea ni kumgandisha mtoto na msaidizi. Mtu mzima anakaa ubavuni mwake vipindi vyote, anamjibia, hata kalamu anamshikia. Mwalimu wa somo anapumua, akiamini yule sasa ana mtu wake. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2009, ulikuta kwamba wanafunzi waliopata muda mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wanaofanana nao. Kasoro haikuwa kwa wasaidizi, watu wanaojituma sana. Kasoro ilikuwa kwamba mwanafunzi anayehitaji mwalimu bora zaidi ndiye aliyepewa mwalimu kwa uchache zaidi. Msaidizi wangu huzunguka darasa zima ili mwalimu mwenyewe apate dakika kumi za kukaa na yule anayehitaji.

Mitihani ina taratibu zake, na kila bodi ina zake: muda wa ziada, msomaji, mwandishi, maandishi makubwa, nukta nundu kwa wasioona. Ninachowasihi walimu ni kwamba msaada wa chumba cha mtihani uwe umezoeleka darasani. Kijana akipewa mwandishi kwa mara ya kwanza siku ya mtihani anachanganyikiwa, kwa sababu kumwamuru mtu mwingine aandike mawazo yako ni ufundi unaohitaji miezi ya mazoezi.

Mama yake nilimwita wiki ya tatu. Alikuja akiwa tayari kuomba radhi kwa uvivu wa mwanawe. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Baba yake naye huwa ananipa barua zote nimsomee." Sikumjibu haraka. Disleksia hurithiwa katika familia nyingi, na siku ile mama huyo alikuwa akiwafahamu upya watu wawili kwa mpigo.

Na kuhusu Misa, nilizungumza na padri mlezi. Ratiba ya wasomaji sasa inatoka wiki mbili kabla, nayo ina majina ya watu waliojiandikisha wenyewe. Masomo yanachapwa kwa herufi kubwa, mistari ikiwa imeachana, kila sentensi ikianza mstari wake. Kijana hakujiandikisha kusoma. Aliomba aimbe wimbo wa katikati, alioujifunza kwa kuusikiliza, na muuguzi akaniambia kuwa wiki ile hakumwona.