"Ni kutyuni tu, fundi": dhana zinazowapotezea watu hela kwenye piano kuukuu

"Fundi, piano ni nzima kabisa, ni kutyuni tu." Nimeisikia kwa wazee wa kanisa, kwa walimu wa kwaya, na kwa wazazi waliokwisha kulipa bei yote na kukodi gari. Kila anayeisema ameipata kwa muuzaji, na muuzaji mwenyewe hajawahi kufungua ubao wa mbele akaona kilichomo ndani. Imewalia watu hela ambazo zingenunua ala nzuri.

Kutyuni, yaani kukaza nyuzi hadi kila moja itoe sauti yake sahihi, ni kazi ya mwisho, na inafanyika kwenye piano inayoweza kushika sauti. Swali la kwanza ni kama hiyo yako inaweza. Piano ina nyuzi zipatazo 230, na zikishavutwa zote, mvutano wake hufika kati ya tani 16 na 20. Mzigo huo unabebwa na fremu ya chuma. Ila mwisho mmoja wa kila uzi haujafungwa kwenye chuma. Umezungushwa kwenye pini yenye unene wa milimita 7 hivi, na pini hiyo imegongwa ndani ya tundu la ubao mgumu uliojificha nyuma ya fremu. Haina nati, haina gundi. Kinachoizuia isizunguke ni msuguano wa chuma na mbao, basi. Ubao huo ukivimba masika na kusinyaa kiangazi mwaka baada ya mwaka, matundu hulegea na mwisho ubao wenyewe hupasuka. Hapo naweza kuvuta uzi hadi sauti yake kamili, nikatoa spana, na uzi ukaanza kushuka kabla sijahamia kwenye pini inayofuata. Piano ya namna hiyo unaweza kumwita fundi kila wiki, na kila wiki utamlipa kwa kazi isiyokaa.

Dalili zake unaweza kuzisikia mwenyewe, hata kama hujui kupiga. Kuanzia katikati kwenda juu, kila kibonye hupiga nyuzi tatu zinazotakiwa kutoa sauti moja. Bonyeza kimoja kimoja. Ukikuta sehemu nzima ya vibonye jirani inalia vibaya, kila uzi na sauti yake, huku sehemu nyingine ikiwa na nafuu, mashaka yaanzie kwenye pini. Kisha omba kufungua ubao wa mbele, umulike pini kwa tochi. Mizunguko ya uzi ikiwa imegusana na fremu, ujue kuna mtu aliwahi kuzigongelea ndani zaidi ili zishike, na nafasi ya kuzigonga tena haipo. Ukiona karatasi au msasa umechungulia pembeni ya pini, au madoa meusi ya dawa kwenye mbao kuzizunguka, fundi aliyekutangulia alikwisha kupambana na tatizo hilo hilo.

Tofauti yake ni piano iliyoshuka yote kwa usawa. Hiyo hainitishi. Imeachwa muda mrefu bila kuguswa, lakini pini zinashika. Hata hivyo nayo si ya "kutyuni tu". Kupandisha nusu toni nzima kunataka kuipitia piano mara mbili au tatu, kwa sababu kila uzi unaokazwa huongeza mzigo kwenye fremu na ubao wa sauti (ubao mpana wa nyuma unaokuza sauti ya nyuzi), na zile ulizokwisha kuzipanga zinashuka. Na kama nyuzi zina kutu, jambo la kawaida Dar, Tanga na Mombasa, baadhi zitakatika. Wakati mwingine ushauri wangu ni kuiacha chini ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha noti ya A, na kuipanga hapo hapo. Kwa mtoto anayejifunza peke yake nyumbani inatosha. Kwa kwaya inayopiga pamoja na gitaa na kinanda cha umeme, haifai.

Pini zikiwa zimelegea kidogo, dawa ninayoiamini ni supagluu nyepesi sana, inayodondoshwa kuzunguka kila pini huku piano imelazwa chali. Wapo mafundi wanaoikataa. Mimi nimeona inashika, na gharama yake ni ndogo. Hatua ya pili ni kuweka pini nene zaidi pamoja na nyuzi mpya, kazi ya siku nyingi. Kubadilisha ubao wenyewe wa pini kwenye piano ya wima ya kawaida sikushauri hata kidogo: gharama inapita bei ya piano nyingine iliyo hai.

Kwa hiyo mlipe fundi nauli kabla hujalilipa gari la mizigo.

"Ya zamani ndiyo bora." Watu wanailinganisha na fidla. Fidla haina mitambo. Piano ina maelfu ya vipande vya mbao, felti, ngozi na springi vinavyosuguana kila unapobonyeza. Felti ya nyundo huwa ngumu na kuchimbika mifereji, springi huchoka. Pia ziko piano za Uingereza na Ujerumani za karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ambazo, ukifungua, unaona safu ya waya wima mbele ya nyundo. Vizima-sauti vyake vimekaa juu ya nyundo, karibu mno na mwisho wa uzi, havizimi sawasawa hata vikiwa vipya. Kwa mwanafunzi, iache.

"Ina jina kubwa." Bechstein au Blüthner iliyolegea pini imelegea pini. Tena majina mengi yaliyoandikwa juu ya vibonye ni ya duka lililouza, si ya kiwanda.

"Vibonye ni vya pembe za ndovu, ndiyo maana bei iko juu." Pembe haiongezi chochote kwenye sauti. Sisi wa upande huu ndio tungepaswa kuijua habari hii kuliko wote: katika karne ya 19 pembe zilibebwa na wapagazi kutoka bara hadi pwani, zikapita Zanzibar, na nyingi zikaishia kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton, Connecticut, Marekani, kukatwa vibonye vya piano. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989 ulioanza kutekelezwa 1990. Kumwongezea mtu hela kwa ajili ya pembe ni kununua matatizo ya vibali.

"Nimepewa bure." Piano ya wima ina kilo 200 au zaidi. Kabla ya kutafuta vijana wa kuibeba, piga magoti ukague chini yake na nyuma kama kuna njia za mchwa, kisha inua vibonye viwili vitatu uone kama panya au nondo wamekula felti.

"Ubao wa sauti umepasuka, hiyo imekufa." Hapa watu hukosea upande wa pili, na piano nzuri huozea stoo. Ufa peke yake haumaanishi kitu. Piga noti za chini kwa nguvu: kama hakuna mtetemo wa kukera na mbavu za nyuma bado zimeshikana na ubao, ufa huo usikuzuie kununua. Na ukikuta vibonye vimefungwa kwa skrubu ndogo za shaba, tulia uikague kwa makini. Viwanda vya Uingereza vilitengeneza piano maalumu za nchi za joto, maungio yakitiwa skrubu juu ya gundi, kwa sababu gundi ya zamani ya ngozi huachia kwenye unyevu. Pini zake zikiwa bado zinashika, hiyo ndiyo ninayoweza kukushauri uitolee hela.