Je, wajua? CRP ikipanda, virusi havijahesabiwa

Karatasi ya majibu ya mgonjwa wa UVIKO-19 ina mstari wa kipimo cha damu kiitwacho CRP. Mbele yake pana 142, na kando herufi H: iko juu, kwani maabara nyingi hutarajia chini ya miligramu 5 au 10 kwa lita. Ndugu wanaoisoma wanaguna: virusi vimejaa kwenye damu!

Malaria ndiyo iliyotuzoesha hivyo. Kule mtaalamu hutazama kwa darubini, akahesabu vimelea, akaandika. CRP haihesabu kirusi hata kimoja. Ni protini ya mgonjwa mwenyewe, inayotengenezwa na ini lake. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, asiye na maambukizi yoyote, anaweza kuvuka 100 vilevile. Tillett na Francis walipoigundua mwaka 1930 huko New York, wagonjwa wao walikuwa na nimonia ya bakteria.

Likilia la mgambo kuna jambo. Hapa mpiga pembe ni ini. Seli za kinga zilizo pafuni zikikabili adui hutoa interlukini-6, inayosafiri kwa damu hadi kwenye ini na kuliamuru lipulize. Pembe haisemi kama ni moto, mwizi au chui. Na mlio hautulii papo hapo: nusu ya CRP huondoka kwenye damu kila baada ya saa 19 hivi. Ndiyo maana kipimo kimoja husema machache kuliko viwili vilivyopishana siku.

Basi ina faida gani? Kwenye UVIKO-19 wengi huzidiwa wiki ya pili, kinga yenyewe inapoyaumiza mapafu, na kelele za kinga ndizo daktari anazotaka kuzisikia. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, uliotoa matokeo mwaka 2021, uliwapa tosilizumabu, dawa ya kutuliza kinga, baadhi ya wagonjwa wenye upungufu wa oksijeni na CRP ya 75 au zaidi. Ndani ya siku 28 walifariki 31% ya waliopangiwa dawa hiyo, dhidi ya 35% ya wenzao. Nafuu ipo, ila si muujiza.

Kioja ni kwamba tosilizumabu huzuia amri ya interlukini-6, yaani humziba masikio mpiga pembe. CRP huporomoka hata kama bakteria wapya wameshaingia pafuni, na homa nayo yaweza isionekane. Daktari asiyeambiwa kwamba dawa ilitolewa wiki iliyopita ataona CRP ya 3 na kudhani kuna amani.