Kununua nyumba Kampala na Wakiso: harakisha sachi, usiharakishe malipo

Nyumba nzuri ikitangazwa Kira, Najjera, Kyanja au Naalya haikai sokoni. Asubuhi bloka, yaani dalali, anakupigia, mchana anakwambia kuna mteja mwingine kashaiona, jioni anataka kishika nafasi. Presha hiyo mara nyingine ni ya kweli, mara nyingine ni maneno ya sokoni, na kwa simu huwezi kujua ni ipi. Kazi yangu ni kupekua hati kwenye daftari la usajili wa ardhi, upekuzi tunaouita sachi, na kusimamia uhamisho wa umiliki. Manunuzi mengi yanayoishia mahakamani yalianza kuharibika siku tatu nne za mwanzo, mnunuzi alipolipa ili awahi, kisha ndipo akaanza kuuliza maswali. Ukitaka kumshinda mnunuzi mwenzako, maliza upekuzi kabla yake.

Jambo la kwanza ni kujua unauziwa nini. Sheria ya Uganda inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: mailo, frihodi (umiliki wa kudumu), lizi (ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu) na umiliki wa kimila. Kampala, Wakiso na Mukono sehemu kubwa ni mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na hapa ndipo watu huumia. Kwenye mailo ardhi moja inaweza kuwa na wenye haki wawili: mwenye hati, na mwenye kibanja anayeishi juu yake. Aliyekaa bila kusumbuliwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 anatambuliwa kuwa mkaaji halali, na haki hiyo inarithiwa na kuuzwa. Tangu marekebisho ya sheria ya ardhi ya mwaka 2010, hatolewi ila kwa amri ya mahakama, na sababu inayokubalika ni moja tu: kutolipa busuulu, ile kodi ya mwaka anayolipwa mwenye hati. Landilodi, yaani huyo mwenye hati, akiiuza, mwenye kibanja anabaki palepale alipokuwa. Kwa hiyo unaweza kuwa na hati safi kabisa, yenye jina lako, na bado kuna mzee ana shamba la migomba nyuma ya nyumba yako na hana mpango wa kwenda popote.

Karatasi haitakuonyesha huyo mzee. Miguu ndiyo itakuonyesha. Zunguka eneo lote, si sebule na jiko tu. Tazama makaburi, hata yaliyozidiwa na nyasi. Familia ya Buganda haiachi ardhi yenye makaburi yake kirahisi. Tazama mstari wa luwaanyi, ile mimea mirefu inayopandwa kuonyesha mpaka: ukipita katikati ya ua badala ya pembeni, kuna mgawanyo wa zamani ambao muuzaji hajautaja. Kisha nenda peke yako, bila bloka, kwa jirani wa kulia, jirani wa kushoto na stegi ya bodaboda, uulize ni nani alikuwa anakaa hapa kabla nyumba haijajengwa. Mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa mtaa, naye muulize, ila usimgeuze kuwa msajili wa ardhi. Muhuri wake unathibitisha kwamba mauziano yalifanyika mbele yake. Umiliki hauthibitishi.

Wako wanaouza nyumba iliyoko juu ya kibanja, na bei yake huvutia. Sipingi ununuzi huo, lakini una masharti yake. Mwenye kibanja anayetaka kuuza lazima ampe landilodi nafasi ya kwanza ya kununua, na akiruka hatua hiyo anatenda kosa na anaweza kupoteza haki yenyewe. Wewe unahitaji idhini ya landilodi kwa maandishi, risiti za busuulu za miaka iliyopita, na makubaliano ya wazi kuhusu kanzu, yaani ile ada anayopewa landilodi anapomtambua mkaaji mpya. Muuzaji akisema "landilodi hana shida", mwambie twende kwake leo. Kumbuka pia kwamba benki kwa kawaida hukataa kibanja kama dhamana ya mkopo.

Sasa hati. Omba nakala siku ya kwanza unapoiona nyumba. Muuzaji wa kweli hana sababu ya kukataa nakala, na hapa ndipo unapata kasi: kwa taarifa zake unaomba sachi kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi inayohusika na eneo hilo, kwa ada ya shilingi 10,000. Mailo hutambulika kwa kaunti, bloku na ploti, kwa mfano Kyadondo, Busiro au Kyaggwe na namba zake. Lizi na frihodi huwa na namba za juzuu na folio. Sachi inakupa jina la mwenye ardhi, tarehe na namba ya usajili, ukubwa, na vizuizi vilivyopo kama rehani ya benki au kaveati, yaani zuio lililosajiliwa na anayedai haki kwenye ardhi hiyo. Linganisha kila herufi na nakala uliyopewa. Kama mmiliki alisajiliwa wiki chache zilizopita na tayari anauza kwa haraka, omba historia ya hati hiyo, ujue ilitoka kwa nani na kwa karatasi gani. Ukikuta hati ni ya pili, iliyotolewa kwa sababu ya kwanza ilipotea, hapo simama kabisa: mtu anaweza kuripoti upotevu wa hati ambayo kumbe imewekwa dhamana kwa mkopeshaji binafsi. Na kabla ya hati kuhamishwa sachi hufanywa mara mbili, kabla ya kusaini na tena asubuhi ya malipo ya mwisho, maana kaveati inaweza kuingia hapo katikati.

Kwenye hati ukubwa umeandikwa kwa hekta, ilhali sokoni tunaongea desimali, yaani sehemu ya mia ya eka. Zidisha hekta kwa 247.1. Hati ikisema 0.046, una desimali 11.4 hivi, ambayo ndiyo ile ploti ya futi 50 kwa 100 inayojulikana. Mabloka wengi huiita "desimali 12 na nusu", kwa sababu wanagawa eka kwa nane bila kuhesabu barabara. Nyumba ikitangazwa kuwa na desimali 15 na hati inasema 0.046, bei unayoombwa ina ardhi ambayo haipo, au ipo upande wa jirani.

Hapo ndipo anapoingia saveya, mpima ardhi. Mchague wewe, hakikisha amesajiliwa, na usikubali yule aliyeletwa na muuzaji. Kazi yake ni kufungua mipaka: kuyatafuta mawe ya mpaka, yale maksitoni, na kuyalinganisha na ramani ya upimaji. Mwulize maswali matatu. Nyumba yote imo ndani ya ploti? Ukuta wa uzio umeingia barabarani? Njia mnayopita kwa gari imo kwenye ramani, au ni hisani ya jirani? Swali la tatu watu hulisahau, na ndilo linalofanya geti lifungwe baada ya jirani kuuza. Ukinunua kwenye estate iliyokatwa karibuni, uliza kama ploti yako ina hati yake au bado imo ndani ya hati mama, ile ya ardhi yote kabla ya kukatwa. Kampuni inaweza kuwa imeweka hati mama rehani benki, na wewe ukalipa yote huku ukisubiri mgawanyo usiokamilika. Sehemu kubwa ya bei ibaki mkononi mwako mpaka hati yenye namba ya ploti yako itoke.

Lizi ina hesabu yake ya miaka. Ya mwanzo mara nyingi ni miaka mitano yenye sharti la kujenga, na baada ya kujenga huongezwa hadi 49 au 99. Angalia imebaki mingapi, kodi ya ardhi imelipwa mpaka lini, na kama mwenye ardhi, iwe bodi ya ardhi ya wilaya au mwingine, ametoa idhini ya uhamisho. Kwa wasomaji kutoka Kenya, Tanzania na Kongo: ujirani wa Afrika Mashariki haubadilishi kitu hapa. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala frihodi. Anaweza kushika lizi isiyozidi miaka 99, na kampuni inayodhibitiwa na wasio raia huhesabiwa hivyo hivyo. Ujanja wa kuandikisha kwa jina la rafiki ni kumpa rafiki nyumba. Akifa, warithi wake hawana habari ya mapatano yenu.

Nyumba wanamoishi familia haiuzwi bila idhini ya mume au mke. Bila idhini hiyo mauziano ni batili, hata kama pesa imeshalipwa, na utabaki kumfuata muuzaji akurudishie. Idhini iwe ya maandishi na ipatikane kabla ya mauziano. Usitosheke na karatasi iliyokwisha kusainiwa: kutana na mwenyewe, ana kwa ana, mbele ya wakili, na kama wako zaidi ya mmoja, kutana nao wote. Mwenye hati akiwa marehemu, anayeuza lazima awe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, jina la msimamizi liwe limeandikwa kwenye hati, na mjane na watoto wakubwa wasaini kuridhia. Kikao cha ukoo, hata kiwe na mihuri mingapi, hakitoshi.

Mabondeni kuna jambo ambalo hati haiwezi kulitibu. Ardhi oevu ya Lubigi au Namanve, na ukingo wa Ziwa Nalubaale (Viktoria) ndani ya mita 200, ni eneo la ulinzi wa mazingira, na NEMA, mamlaka ya mazingira, imebomoa nyumba za watu waliokuwa na karatasi mkononi. Mafunjo ng'ambo ya uzio, udongo uliojazwa kwa marumu, nyumba za jirani zenye mstari wa matope ukutani: hizo ni dalili tosha. Nenda ukaione nyumba mvua ikinyesha, msimu wa Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba. Muuzaji anayekataa uje siku ya mvua amekwisha kukujibu.

Jengo lenyewe nitalipitia upesi, maana fundi mzuri atakuambia zaidi. Nyufa za mshazari kutoka pembe za madirisha ni za msingi, za juujuu ni za plasta tu. Fungua mfuniko wa septiki. Omba ramani iliyoidhinishwa na KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) au manispaa, na kibali cha kuhamia. Angalia deni kwenye akaunti ya maji ya NWSC, shirika la maji, na kwenye mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, kwa sababu deni hubaki na nyumba.

Turudi kwenye ushindani. Nyumba moja inaweza kuwa na mabloka watatu, kila mmoja kaongeza chake juu, kwa hiyo bei isikie kutoka kinywani mwa mwenye nyumba. Muuzaji mwenye wateja kadhaa hamchagui wa bei kubwa siku zote, humchagua atakayemaliza. Nenda na barua ya benki inayoonyesha mkopo umeidhinishwa au pesa ipo, jina la wakili wako, na tarehe. Mpe kishika nafasi kidogo, asilimia moja au mbili, kikae kwenye akaunti ya wakili, kwa maandishi kwamba nyumba haionyeshwi kwa siku 14 na pesa inarudi sachi au mipaka ikiwa na kasoro. Wauzaji wengi wenye nia hukubali, hasa wanaokimbizana na ada za shule au deni la benki.

Mkataba lazima uwe wa maandishi. Kisheria makubaliano ya thamani ya zaidi ya shilingi 500,000 yanatakiwa kuandikwa. Muuzaji asiyejua kusoma asomewe kwa lugha yake, na aliyeandika aweke jina na anwani yake. Ukishasaini na kulipa awamu ya kwanza, weka kaveati yako mara moja. Lipa benki kwa benki. Kama nyumba ina rehani, lipa deni moja kwa moja kwa benki ya muuzaji, kwa barua ya ahadi kwamba itatoa hati na karatasi ya kufuta rehani. Na awamu ya mwisho isitoke mkononi kabla ya fomu za uhamisho kusainiwa, zikiwa na picha, nakala ya kitambulisho na TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji. Akisafiri au akifariki bila kusaini, utaanza safari ya mirathi isiyo yako.

Tenga pesa ya ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani. Nyumba ya milioni 300 ni milioni 4.5. Thamani huamuliwa na mthamini wa serikali, kwa hiyo akisema 340 utalipa milioni 5.1, na kuandika bei ya uongo kwenye mkataba hakukusaidii. Kunapunguza tu kiasi utakachoweza kudai mambo yakiharibika. Ukishalipa kupitia URA, mamlaka ya mapato, wakili anapeleka fomu na hati halisi kwenye ofisi ya kanda. Hati ikirudi, lipia sachi ya tatu, usome jina lako kwenye mfumo wenyewe, ndipo uhamishe akaunti ya maji na Yaka.