Rilei imelia "tak" lakini taa haijawaka: uanzie wapi?

Simu inaonyesha taa imewaka, na chumba ni giza tupu. Mwenye nyumba huanza na ruta: anaizima, anaiwasha. Kisha anafuta kifaa kwenye programu na kukisajili upya. Akichoka ndipo ananipigia, na swali langu la kwanza halihitaji ufundi wowote: ulipobonyeza, ukutani palilia "tak"?

Mlio huo ni wa rilei, swichi ndogo inayofungwa kwa umeme badala ya kidole. Ndani yake kuna koili. Ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta kibati, na kibati kinakutanisha pointi mbili. Ukiusikia, ujue amri imetoka kwenye simu, imepita mtandaoni, imefika kwenye bodi (kompyuta ndogo inayoiamrisha rilei), pini yake ya kutolea amri imefanya kazi na koili imevuta. Nusu nzima ya mfumo umeshaiondoa kwenye orodha ya washukiwa. Zimebaki pointi, waya na taa yenyewe. Usipousikia, achana na taa, rudi nyuma. (Rilei za kielektroniki hazina pointi za kukutana, kwa hiyo hazilii, hizo utazipima kwa mita.)

Ile alama ya kijani kwenye simu huwadanganya wengi kwa sababu wanadhani inaiona taa. Haiioni. Inachokumbuka ni amri ya mwisho: bodi iliambiwa "washa", ikapeleka umeme kwenye pini, ikajibu "nimewasha". Kama koili ilivuta au la, kama waya umechomoka kwenye skrubu au la, bodi haina habari. Ndiyo maana napenda swichi zenye kipimo cha wati. Ikisema imewashwa na wati ni 0, tatizo liko kuanzia koili kwenda mbele. Ikisema imezimwa na wati bado ni 60, pointi zimegandana. Umejua hayo hata bisibisi hujashika.

Kabla ya kufungua kifuniko chochote, zima meni swichi, halafu hakikisha kwa mita kwamba umeme umekatika kweli. Mita yenyewe ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, na uijaribu tena baada ya kupima, maana mita mbovu nayo husoma sifuri. Kuna mtego wa upande wa pili pia. Maltimita ya kidijitali ina upinzani wa ndani wa takriban megaomu 10, hivyo waya usiounganishwa popote, ukiwa umelala kando ya waya wa moto ndani ya bomba moja, unaweza kukusomea volti 40, 70, hata zaidi ya 100. Fundi anaona 70 na kuanza kusaka shoti isiyokuwepo. Unganisha balbu ya kawaida ya nyuzi kati ya waya huo na nyutro: volti zikiporomoka hadi sifuri, hapakuwa na nguvu yoyote nyuma yake.

Sasa tuseme hakuna mlio. Hapa mimi huanza na chakula cha rilei kabla ya programu. Rilei ndogo ya bluu ambayo iko karibu kila mahali, SRD-05VDC-SL-C, ina koili ya takriban omu 70, kwa hiyo kwa volti 5 inakula kama miliampea 70. Ukiwasha nane kwa pamoja umeshapita nusu ampea, na bado ESP32, bodi ya Wi-Fi inayotumika sana, inataka miliampea mia kadhaa kila inaporusha data kwa Wi-Fi. Ukilisha vyote hivyo kwa chaja ya simu kupitia waya mrefu mwembamba, volti 5 zinazotoka kwenye chaja zinafika zikiwa 4 na ushee. Dalili yake haina ubishi: rilei ya kwanza inashika, ya pili inashika, ya tatu ikishika bodi inajizima na kuwaka upya. Pima volti kwenye skrubu za bodi ya rilei, rilei zote zikiwa zimeshika. Kupima kwenye mdomo wa chaja hakukuambii kitu.

Ikiwa volti ziko sawa, angalia jinsi bodi inavyozungumza na moduli, yaani kile kibodi kinachobeba rilei. Moduli nyingi hushika pini inapokuwa chini na kuachia inapokuwa juu, na "juu" yake ni volti 5. ESP32 na ndugu yake ESP8266, juu yao ni volti 3.3. Tofauti ya volti 1.7 inayobaki inaweza kuacha taa ndogo ya moduli ikiwaka kwa mbali, na moduli nyingine hazitaachia kabisa. Kama moduli yako ina kijiti kinachounganisha VCC (umeme wa upande wa amri) na JD-VCC (umeme wa koili), kitoe. VCC ipe volti 3.3, JD-VCC ipe 5 za koili. Mara nyingi hilo linatosha. Na rilei inayolia yenyewe sekunde ya kwanza umeme unaporudi, huwa imefungwa kwenye pini ambayo bodi huichezea wakati wa kuamka. Kwenye ESP8266, pini za GPIO0, GPIO2 na GPIO15 ndizo zinazoamua bodi iamkeje. GPIO0 ikivutwa chini wakati huo, bodi inakaa kusubiri kupakiwa programu mpya na haiendi popote. Hamisha pini, usipoteze jioni nzima kwenye mipangilio.

Mlio upo, lakini taa haizimi? Gonga rilei kwa mpini wa bisibisi, taratibu, ukiwa hujagusa kitu kingine. Taa ikizima, umempata. Watu hufurahi hapo wakadhani imepona, kumbe itagandana tena kesho. Toa rilei, pasua ganda lake, uangalie pointi kwa kioo cha kukuza: moja ina kichunusi cha chuma kilichoyeyuka, nyingine ina kishimo kinacholingana nacho. Zilichomelewa.

Mchomeleaji kwa kawaida ni taa za LED, na hili ndilo wengi hawakubali. Rilei imeandikwa ampea 10. Taa kumi za wati 9 ni wati 90, hata nusu ampea haifiki kwenye umeme wa volti 230. Hesabu ni sahihi, ila imehesabu taa zikiwa zimeshawaka. Ndani ya kila taa kuna kapasita tupu, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda, na umeme ukigusa, kapasita hizo zote zinajijaza kwa mkupuo mmoja wa muda usiofika hata milisekunde, wakati huohuo kibati cha rilei bado kinadundadunda. Mkupuo huo unaweza kuwa makumi ya ampea. Ile 10 iliyoandikwa ni ya mzigo mtulivu kama pasi au hita. Chagua rilei yenye pointi za fedha na oksidi ya bati, iliyotajiwa uwezo wa mkupuo, au swichi inayofunga umeme wimbi linapopita sifuri, au acha rilei ndogo iendeshe kontakta, yaani rilei kubwa ya mizigo mizito.

Mota, pampu na koili za kontakta zina tabia ya kinyume: shida yao huja zinapozimwa. Pointi zikiachana, nguvu iliyokuwa kwenye koili inatafuta pa kutokea na kuruka kama cheche, na kelele zake za umeme zinaingia mpaka kwenye bodi. Kwa hiyo bodi ikiganda au kujiwasha upya kila pampu inapozimwa na kamwe si inapowashwa, usihangaike na Wi-Fi. Weka rezista (kipinga umeme) ya omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 ya daraja la X2, lile la umeme wa nyumba, zikiwa zimefuatana, sambamba na mota. Kama koili ni ya umeme wa DC, dayodi moja ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ikifungwa kinyume inatosha. Wengine huweka ile kapasita sambamba na pointi za rilei, na kwa pampu ni sawa. Kwenye taa ya LED italeta ugonjwa mwingine: kwa volti 230 na hezi 50 kapasita ya 0.1 hupitisha takriban miliampea 7 hata rilei ikiwa wazi, na taa itakaa inang'aa kizembe usiku kucha.

Mng'ao huohuo hutokea kwa swichi janja zisizotumia nyutro, kwa sababu swichi hizo hula umeme kupitia taa yenyewe. Dawa ni kikapasita kinachofungwa sambamba na taa, kwenye taa kule juu na si kwenye swichi, ili umeme mdogo upite pembeni.

Upande wa swichi za ukutani zinazoingiza amri, kesi ninayoitiwa zaidi ni "mtu anabonyeza na hakuna mtu". Pini ya bodi isiyovutwa juu wala chini, yaani isiyofungwa kwa rezista kwenda volti 3.3 wala sifuri, hupokea chochote kilicho hewani. ESP32 ina rezista ya ndani ya kuvuta juu ya takriban kiloomu 45, dhaifu mno kwa waya wa mita kumi uliolala pamoja na nyaya za umeme mkubwa. Na GPIO34 hadi 39 hazina rezista hiyo kabisa, hata ukiiwasha kwenye programu. Kujua mkosaji ni rahisi. Chomoa waya mrefu kwenye bodi, uache hivyo usiku mmoja na rezista ya nje imevuta pini juu. Mabonyezo ya mzuka yakiisha, ni waya. Weka rezista ya kiloomu 4.7 au ndogo zaidi kwenda volti 3.3, na kapasita ya nanofaradi 100 jirani na pini. Waya ukiwa mrefu sana, tumia optokapla, inayopitisha amri kwa mwanga bila nyaya kugusana, na umeme wa volti 12 kwenye waya. Swichi ikibonyezwa mara moja na taa ikawaka na kuzima papo hapo, hiyo ni pointi ya swichi inayodunda kwa milisekunde chache. Kichujio cha milisekunde 50 kwenye programu kinamaliza.

Vihisi navyo husema ukweli wao, lazima ujue lugha yao. Kihisi cha joto DS18B20 kikisoma 85 kamili, nyumba haiungui. Hiyo ndiyo namba iliyomo ndani yake kinapoamka, na maana yake ni kwamba umesoma kabla hakijapima, au umeme wake ulikatika kidogo. Kwa usahihi wa biti 12 kinahitaji milisekunde 750. Kikisoma -127, hiyo ni maktaba ya programu ikikuambia hakuna aliyejibu: kagua waya na rezista ya kiloomu 4.7. DHT22, kihisi cha joto na unyevu, ukiiuliza kabla ya sekunde 2 kupita, itakupa makosa au jibu la zamani. Na kihisi chochote cha joto kilichofungiwa boksi moja na ESP kinapima joto la ESP. Kitoe nje kwa waya mfupi, chini ya boksi, kwa kuwa hewa moto hupanda.

Kihisi cha mwendo cha PIR hakioni mtu. Kinaona joto likihama kutoka kipande kimoja cha lenzi kwenda kingine. Anayekatiza mbele yake anaonekana mara moja, anayekijia moja kwa moja anachelewa kuonekana, na siku ya joto kali, kuta zikikaribia joto la ngozi, kinakuwa kama kipofu. Usikielekeze mlangoni, kiweke pembeni ili mtu akatize. HC-SR501, moduli ya PIR inayopatikana sana, inahitaji hadi dakika moja kutulia baada ya kuwashwa, kwa hiyo usiihukumu mapema, na usiibandike mgongoni mwa antena ya ESP, itajibu kila bodi inaporusha data.

Betri: CR2032, ile ya kidonge, ikichoka husoma karibu volti 3 ikiwa imepumzika na kuporomoka redio inaporusha. Kihisi kinachopotea usiku wa baridi na kurudi mchana, badilisha betri hata kama simu inasema 80%.

Mtandao nitaupitia mbio. Kama rilei inajiwasha kila bodi inapounganika upya na MQTT (njia ya vifaa kupeana ujumbe kupitia seva), kuna mtu alituma amri ya kuwasha ikiwa na alama ya kuhifadhiwa, na seva inaikabidhi upya kila mara. Tuma ujumbe mtupu wenye alama hiyohiyo kwenye mada ileile. Vifaa viwili vinavyopokezana kukatika vina jina moja la mteja. Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa janja, ukiyumba, toa kijiti chake kwenye tundu la USB 3 kwa waya wa kurefusha, kisha uliza nani anazima balbu janja kwa swichi ya ukutani: balbu hizo ndizo zinazopitisha habari za vihisi vya betri.

Na iko taa ya nje inayowaka na kuzima kila dakika jioni, huku kila kipande ukikipima ni kizima. Kihisi cha mwanga kinaona giza, kinawasha taa. Kinaona mwanga wa taa yake mwenyewe, kinazima. Kigeuzie mgongo taa, na uweke mipaka miwili iliyoachana: washa chini ya lux 20 (lux ni kipimo cha mwanga), zima juu ya 80, na wa juu uwe mkubwa kuliko kile taa yenyewe inachokimulikia kihisi.